Kamera Niliyoinywesha kwa Ndoo

Kila anayeingia hapa dukani kupimwa dera ananiuliza swali lile lile: "Talaso, wewe fundi wa nguo wa Wabera, kamera ya maji ilikuwa ya nini?" Nimechoka kueleza mmoja mmoja na pini ziko mdomoni. Basi naandika mara moja, mtumiane kwa simu, mniache nishone. Mambo ya tiketi na kujaza fomu nayaruka, hayo hata nyinyi mnayajua.

Kwa wasiotujua: baba yetu alichukuliwa na lugga pale karibu na Kulamawe, nyumbani kwetu. Lugga ni mto usio na maji, mchanga mtupu mwaka mzima, halafu siku moja mvua inanyesha mbali huko na maji yanakuja kama yametumwa. Alikuwa anavusha mbuzi. Tangu siku hiyo Ayo, mama yetu, hataki kusikia mtoto wake ameingia kwenye maji yanayopita magoti. Sasa ndugu yangu mdogo Halkano alituambia amepata kazi Sagana, anaendesha watalii. Ilikuwa kweli kabisa, ila hakusema anawaendesha na nini. Anawaendesha na boti la mpira kwenye mto Tana, katikati ya mawe na mawimbi, na watu wanalipa kupinduliwa.

Mwaka jana mpita njia mmoja akamwonyesha Ayo picha. Ayo hakulia. Alisema tu Halkano asikanyage boma lake, na simu zake hakushika tena. Miezi nikambembeleza, nikimwambia kijana anajua kuogelea, anavaa jaketi la kuelea, hajafa hata mara moja. Akanijibu hivi: "Usiniambie, nionyeshe. Nimwone akiingia na nimwone akitoka. Baba yenu nilimwona akiingia tu."

Idd ilikuwa wiki mbili mbele. Nikasema walahi, mwaka huu tutakula pamoja. Simu yangu ikinyeshewa tu inazimika, lakini nilikuwa nimesikia kuna kamera ndogo za watu wa michezo ya majini. Nikafunga cherehani, nikaenda kutafuta.

Wabera hadi Subuiga

Nilipanda matatu ya Nairobi hapa Isiolo, lakini hatukufika mbali. Pale Subuiga, mahali barabara yetu inakutana na ile ya Meru, gurudumu likapasuka, na la akiba likapatikana nalo halina upepo. Dereva akaondoka na boda kulitafutia upepo. Mimi nimetoka Isiolo na baibui jepesi na viatu vya wazi, na upepo wa mlimani haukunihurumia. Nikatetemeka hadi meno yakagongana.

Mama mmoja wa Timau aliyekuwa amekaa kando yangu akanifunika nusu ya leso yake bila hata kuniuliza. Alijiita Mama Makena. Alikuwa ameshusha mboga sokoni Isiolo na sasa anaenda kwa dada yake Karatina. Akatoa viazi vya kuchemsha, mimi nikatoa chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Alionja, akafumba jicho moja.

"Hii maziwa iko na moshi."

"Chombo chake kinafukizwa. Ndiyo utamu wenyewe."

"Haya, nitazoea," akasema, akaongeza kikombe cha pili, na cha tatu.

Akaniuliza ninaenda Nairobi kufanya nini. Nikamwambia kununua kamera. Akashika kichwa: "Woi! Wamekuibia nini?"

Nilichukua muda kuelewa kwamba anafikiria zile kamera za kuwekwa ukutani kushika wezi. Nikamweleza habari ya Halkano na boti. Akasikiliza vizuri, halafu akauliza, "Na nani atashika hiyo kamera?"

"Si yeye mwenyewe. Inafungwa kwenye kofia."

Akatafuna kiazi polepole. "Msichana wangu aliolewa. Kaka yake ndiye alishika kamera siku yote. Sasa ukiangalia hiyo video utafikiri kijana hakukuja harusi ya dada yake."

Nikamwambia pole. Nilidhani ananipigia hadithi ya familia tu, kupitisha baridi. Laiti ningekuwa na masikio.

Nairobi, ghorofa ya pili

Nililala kwa binamu Eastleigh, asubuhi nikaenda jengo moja lenye vibanda vya simu juu mpaka chini. Muuzaji wangu aliitwa Denno, kijana mwenye ulimi mwepesi. Nikamsalimia, nikamwambia nataka kamera ya kupiga picha ya mtu majini.

Hapo ndipo nilipopotea. Denno akaanza: fremu sitini kwa sekunde, fremu mia na ishirini, 4K, ya kutuliza mtikisiko, pembe pana, memori kadi ya kasi, na ile ya kawaida itakwama. Mimi nikawa natingisha kichwa kama ninaelewa. Mkinijua, mnajua ninachukia kuonekana sijui. Lakini ikafika mahali nikamwambia, "Wacha kwanza. Nipe kama unampa mtu anayenunua kitambaa. Hii ya kazi gani, hii ya kazi gani."

Akaweka tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, imevaa kasha la plastiki ngumu lenye kufuli. "Hii, sister, inaenda mita thelathini chini."

"Sisi hatutaki kwenda chini. Tunataka arudi juu."

Ya pili ilikuwa uchi, haina kasha, ndogo kama kiberiti kikubwa. Mita kumi tu, lakini hivyo ilivyo.

Ya tatu ilikuwa na macho mawili, moja mbele na moja nyuma. "Hii inaona kila upande. Hata aliyeivaa inamwona." Nikairudisha kwake haraka. Kitu chenye jicho kisogoni nitaingiaje nacho kwa Ayo? Astaghfirullahi. Na hapo tena, jamani, nilikuwa nimeambiwa neno la maana nikalikataa na mkono wangu mwenyewe.

Zikabaki mbili. Sasa niwaambie kitu ambacho nyinyi mnakijua na Denno hakijui. Baba hakuwahi kununua ngamia ambaye hajamwona akinywa. Hata mwenye ngamia akiapa, hata wawe wamepatana, baba atakaa pale kisimani mpaka mnyama ainamishe shingo. Mnyama mgonjwa hufichwa kwa kila namna, lakini mbele ya maji hawezi kudanganya. Basi nikamwambia Denno, "Lete ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Zinywe. Nione."

Akacheka. Akaona mimi sicheki. "Aki sister, haiwezekani. Ikiingia maji hakuna waranti."

"Si umesema ni kamera ya maji?"

"Ndiyo."

"Na ikiguswa na maji, waranti inakufa?"

"Ndiyo... hapana. Ni kwamba kampuni haikubali uharibifu wa maji."

"Nieleze tena, ndugu yangu, na uende polepole."

Akaeleza tena. Mpaka leo sijaelewa. Ni kama mtu akuuzie mwavuli akuambie usitoke nao mvua ikinyesha. Watu wa vibanda vya jirani wakaanza kujaa, na nadhani aibu ndiyo iliyomtoa. Mama wa usafi akaleta ndoo yake, akaiosha, akaijaza.

Ya kwanza ikaingia na kasha lake. Nikainama juu ya ndoo nikaisemesha: "Salaam aleikum, hujambo, jina langu Talaso." Ikatolewa, tukaangalia. Picha ilikuwa nzuri tu, ingawa kasha lilishaanza kuweka ukungu ndani. Lakini sauti! Nilisikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi na ugali mdomoni.

"Sauti imekwenda wapi?"

"Ni kasha. Inaziba maiki. Hiyo ni kawaida, watu huweka muziki juu."

Nikakataa. Siwezi kusema nilijua ninachofanya. Nilikumbuka tu kwamba baba alikuwa pia hapendi mnyama asiyelia.

Ya pili, Denno alikagua kifuniko cha betri mara tatu. Kuna raba nyembamba pale, akasema hata unywele mmoja ukikaa juu yake maji yanaingia na kamera imekufa. Akafumba macho akaitumbukiza. Ikatoka inatiririka, taa nyekundu bado inawaka. Tukasikiliza: salamu yangu, majina yangu, mpaka na mama wa usafi akiguna, "Huyu mama ni mgumu." Yote wazi.

"Nifungie hii," nikasema. Akaniongezea mpini wa rangi ya chungwa unaoelea, kwa sababu kamera yenyewe ikianguka inazama kama jiwe.

Sagana

Halkano alinipokea barabarani. Alikuwa ametanuka mabega. Hakuniuliza habari za safari, aliuliza, "Ayo anasemaje?" Nikamwambia masharti: kuingia na kutoka. Akachukua mzigo wangu. "Basi tumwonyeshe, dada."

Kwanza wakaniletea chakula. Sahani ikaja na samaki mzima, kichwa kwa mkia, ananiangalia. Mimi, mtoto wa Kulamawe, samaki nimemwona kwenye vitabu vya shule. Nikamwuliza mpishi kama wanachinja. Akanitazama, nikamtazama. Nikaanza kumla kutoka mkiani kwa sababu huko hakukuwa na macho, mwiba ukanikwama, nikapigwa mgongoni na mzungu mmoja aliyekuwa amevaa kaptura. Tuache hiyo.

Asubuhi iliyofuata walikuwa watalii sita na boti moja. Nilimpiga Halkano video na simu yangu akiwa ukingoni, amelowa tayari kwa kurushiana maji na wenzake, anacheka. Halafu akafunga kamera kwenye helmeti yake, juu ya paji la uso. Na kabla ya kuiwasha, akailamba kwenye kioo! Ulimi mzima.

"Halkano! Una wazimu?"

"Mate yanafanya maji yateleze. Bila hivyo tone moja linakaa katikati na hutaona kitu."

Nikaandika hiyo kichwani pamoja na mambo mengine nisiyoyaelewa. Wakasukuma boti, na hiyo pia nikaichukua na simu. Nilimwona akiingia. Mto ulikuwa wa kahawia na unaguna, na pale mbele ulikata kona nyuma ya mawe makubwa. Boti likainua pua, likashuka, likapotea. Nikabaki nasikia maji tu.

Mimi huwacheka watu waoga, mnanijua. Siku hiyo mwoga nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye majani nikasoma kila dua ninayoijua, nikarudia, na nikaelewa kwa mara ya kwanza vile Ayo alisimama pale lugga. Niliwaza kwamba nikirudi bila huyu kijana, kamera itakuwa imenunuliwa ya kurekodi msiba.

Walirudi na lori la kubebea boti, wanaimba, wamelowa. Nilimpiga Halkano kofi la bega, halafu nikamkumbatia. Tukaunganisha kamera na simu, tukakaa chini ya hema kuangalia.

Dakika arobaini za video. Maji. Mawe. Migongo ya watalii. Makasia sita yakipanda na kushuka. Mikono miwili myeusi imeshika kasia. Halkano hayupo.

"Rudisha nyuma," nikasema. Akarudisha. Hayupo. "Peleka mbele." Hayupo. Kamera iko kichwani kwake, inaangalia anakoangalia yeye. Ingemwonaje?

"Mama Makena," nikasema kwa sauti.

"Nani?"

"Mama wa viazi! Aliniambia! Na Denno akaniambia, ile ya macho mawili!" Hapo nikamgeuzia hasira Halkano. "Na wewe miaka miwili unafanya kazi hii, hukujua?"

"Wateja huvaa, mimi huwa naendesha tu! Ulisema ifungwe kwenye kofia, nikafunga!"

Tuligombana kama watoto, mbele ya wazungu. Nikasema basi, kesho nitashika mimi. Jioni mvua ikanyesha huko milimani, asubuhi mto ukaamka umepanda mpaka kwenye ngazi, na mkubwa wao akafunga kazi mpaka maji yapungue. Siku ngapi, hakujua. Na lori la Kulamawe lilikuwa la keshokutwa, linalofuata ni mkesha wa Idd. Nikafunga mzigo wangu. Halkano alinisindikiza barabarani, akanipa ile kamera ameifuta na kuikunja kwenye fulana yake.

Isiolo hadi Kulamawe

Kutoka Isiolo nilipanda lori la unga. Tulisimama kila mahali, hapa kushusha magunia, pale kungoja ngamia wavuke, na ngamia hawana haraka na mtu. Muda wote huo nilikuwa natunga uongo.

Nina haya kuandika lakini nitaandika. Ile video ya simu, Halkano amelowa ukingoni akicheka, niliipiga kabla hajaingia. Lakini nani anajua? Nimwonyeshe Ayo boti likisukumwa, halafu nimwonyeshe Halkano amelowa. Kuingia, kutoka. Mambo kwisha. Nilirudia maneno yangu mpaka yakalainika.

Nilimkuta Ayo anasuka mkeka mbele ya nyumba. Tukasalimiana salamu zote, mifugo, mvua, majirani, na hakuuliza nilichobeba. Alimwaga chai, nikanywa, ndipo akasema, "Haya. Leta."

Nikaonyesha boti. Akamwona Halkano akiingia, akavuta shungi mdomoni. Nikaonyesha ile ya pili, amelowa, anacheka. Aliitazama kwa muda.

"Hii ni kabla au baada?"

Swali dogo tu. Uongo wangu wote wa njia nzima ukaishia hapo. "Kabla, Ayo."

"Na baada iko wapi?"

"Haiko. Kamera alikuwa ameivaa kichwani. Anaonekana mikono tu."

"Nionyeshe mikono."

Nikamwekea. Aliangalia migongo ya wazungu bila kuelewa. Mikono akaitambua, akasema kidole kile alikatwa na kisu akichuna mbuzi. Halafu tukafika mahali ambapo mimi na Halkano tulikuwa tumepapita haraka kule hemani tukitafuta sura yake, hatukusikiliza. Boti likapinduka. Picha ikawa kijani, halafu nyeusi, mapovu, na ile sauti nzito ya kuwa chini ya maji. Ayo akanishika mkono. Kucha zake ziliingia. Nilitaka kuzima, akasema, "Acha."

Ghafla mwanga, pumzi, watu wanapiga kelele za kizungu. Na juu ya kelele hizo ikatoka sauti ya Halkano, haitetemeki hata kidogo, anaimba.

Mnajua wanaume wetu wanavyoimba kisimani, wamepangana ngazini, ndoo inapanda kutoka mkono hadi mkono, na kila nyumba ina wimbo wake wenye majina ya ng'ombe wake. Halkano alikuwa anaimba wimbo wa baba. Kila anapotaja jina la ng'ombe, mkono unavuta mtalii mmoja ndani ya boti. "Dimtu!" mzungu juu. "Gurale!" mzungu juu. Na wale wazungu, hawajui wanaitwa ng'ombe, wanaitikia kwa sauti na kuvutana.

Ayo alichukua simu akaigeuza uso chini kwenye mkeka, hataki picha. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa. "Tena." Nikarudisha mara nne, na mara ya nne alikuwa anatingisha kidole chake kwenye mkeka, moja, mbili, moja, mbili. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

Halafu akakunja uso.

"Amemruka Bora."

"Nini, Ayo?"

"Baada ya Gurale ni Bora. Ameenda moja kwa moja kwa Magala. Baba yake hakumruka Bora hata siku moja." Akanyoosha mkono. "Mpigie."

Nilikosea namba mara mbili. Simu ilishikwa kabla haijalia vizuri. "Dada? Alisemaje?"

Ayo alikuwa ameshaninyang'anya.

"Halkano," akasema. "Umemruka Bora. Unataka watu wangapi wabaki kwenye maji? Haya, anza mwanzo, nisikie. Na uje Idd, uniimbie hapa, usimruke mtu."